Habari za Manyoya ya Mshale na Kiunzi cha Kuyabandikia

Mtu akiuliza mshale ni kitu gani, kamusi zetu za Kiswahili humjibu kwa maneno mazuri ya kale. Kijiti chenyewe ni wano. Chuma cha mbele ni chembe au kigumba. Kamba ya uta ni upote. Mfuko wa kuchukulia mishale ni ziaka au podo, neno ambalo kila msomaji wa Zaburi ya 127 analijua. Lakini akiuliza habari za unyoya ulio nyuma ya wano, jinsi ulivyochaguliwa, jinsi ulivyopasuliwa, na hasa jinsi ulivyofungwa, kamusi hunyamaza, na wengi wetu hunyamaza pamoja nazo. Nimeona vema kuandika machache juu ya jambo hili, kwa kuwa fundi wa manyoya alikuwa na shida moja ambayo historia yake ni ndefu: manyoya ni matatu, na mikono ya mtu ni miwili.

Kwanza yafaa tuangalie kazi ya unyoya. Mshale usio na unyoya huanza safari yake vizuri, lakini baada ya hatua chache mkia wake hwenda upande, na mara nyingine hufika umelala ubavu. Uzito wa mshale uko mbele, penye chembe. Unyoya uko nyuma, wala haukuwekwa pale upige upepo kama bawa la ndege, bali uukokote. Mkia ukienda upande, upepo huukamata unyoya na kuurudisha mahali pake nyuma ya kichwa. Tena liko jambo ambalo macho hayalioni. Upote unapoachiwa, wano hupinda, likanyoka, likapinda tena, likaupita uta kwa kujinyonganyonga kama samaki majini. Bwana Clarence Hickman wa Marekani alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1930 kwa picha za sinema zilizopigwa kwa kasi kubwa sana. Katika kupita huko unyoya ukigusa uta hulala, kisha husimama tena. Ndiyo sababu unyoya wa ndege haujashindwa kabisa na vitu vyote vilivyobuniwa mahali pake: ni mgumu wa kutosha kuukamata upepo, na ni mwepesi wa kusamehe.

Lakini unyoya una tabia yake. Manyoya ya bawa la kuume yamepinda kwa maumbile upande mmoja, na ya bawa la kushoto upande wa pili. Manyoya matatu ya bawa moja huuzungusha mshale kwa njia moja, na mzunguko huo husaidia kuunyosha mwendo. Ukiyachanganya, moja litavuta huku na jingine kule. Basi fundi sharti achague manyoya ya bawa moja, ayapasue katikati ya uti, aupare uti mpaka uwe mwembamba na sawasawa, kisha ayasimamishe juu ya wano kwa nafasi zilizo sawa, moja likielekea upande ambao halitagusa uta, na yote yakienda sambamba au yakilalia upande mmoja kwa kiasi kile kile. Kuchagua na kupara ni kazi ya jicho na kisu. Kusimamisha ndiko kwenye taabu, maana unyoya wa kwanza haujashika vizuri wakati wa pili unapongoja, na wa tatu ukiwekwa huusukuma wa kwanza.

Ushahidi mmoja mzuri wa jinsi watu wa kale walivyoishinda taabu hii ulionekana tarehe 19 Septemba 1991 katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Hapo palikutwa maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na pamoja naye podo lenye mishale 14. Ajabu ni kwamba miwili tu ilikuwa imekwisha kutengenezwa, nayo imevunjika. Mingine 12 ilikuwa mawano matupu, hayana chembe wala unyoya. Yaani mtu yule alikufa kazi ikiwa mikononi. Katika ile miwili iliyokamilika, manyoya matatu yamebandikwa kwa ulimbo mweusi uliopikwa kutoka katika ganda la mti uitwao betula, kisha yamezungushiwa uzi mwembamba sana, na kila mzunguko umepita katikati ya nywele za unyoya bila kuzivuruga. Tazama akili yake: ulimbo peke yake ungaliteleza kabla ya kukauka, na uzi peke yake ungaliuacha unyoya ukitikisika. Uzi ulikuwa mkono wa tatu wa fundi, nao ukabaki katika mshale baada ya kazi kwisha.

Katika Afrika ya Mashariki mkono huo wa tatu ni ukano. Wahadzabe, wakaao karibu na ziwa Eyasi katika Tanzania, wangali wanatengeneza mishale kwa mikono mpaka leo, na manyoya yao ni ya kanga na ya tai. Wano hulipasha moto na kulinyosha kwa meno, wakiling'ata hapa na pale na kulitazama kwa jicho moja. Mtu aliyezoea jiliwa la seremala aweza kucheka akiona kinywa kinatumiwa hivyo, lakini na ajaribu yeye kunyosha kijiti kibichi kwa jiliwa, ataona kwamba meno yana faida moja kubwa: huhisi. Manyoya hufungwa kwa ukano wa mnyama. Ukano uliolowa hushika kama gundi, na ukikauka hujikaza wenyewe, kwa hiyo ni uzi na gundi kwa pamoja, nao husubiri kidogo fundi akiugeuza mshale na kusahihisha. Hapana chombo chochote cha kupimia nafasi. Mtoto hukaa karibu na mkubwa, akatazama, akaharibu, akatazama tena.

Sasa twende Uingereza, maana huko kazi hii ilifika kuwa kazi ya mji na ya serikali. Jina la ukoo Fletcher, ambalo wasomaji wetu wamelisikia mara nyingi, maana yake ni fundi wa mishale, na asili yake ni neno la Kifaransa la mshale. Katika London mafundi wa mishale na mafundi wa mata walitengana mwaka 1371, ikawa mtu asifanye kazi zote mbili. Nchi iliyokuwa ikipigana na Ufaransa mwaka baada ya mwaka haikutaka fundi ajuaye nusu ya hili na nusu ya lile. Mishale ilihesabiwa kwa matita ya 24, na manyoya yake yalikuwa hasa ya bata bukini. Mwaka 1417, miaka miwili baada ya vita vya Agincourt, mfalme Henry V aliwaagiza maliwali wa majimbo kukusanya manyoya sita ya bawa kutoka kwa kila bata bukini, isipokuwa wale walioachwa kwa kuzalisha. Nadhani hakuna amri ya kifalme iliyowahi kuingia uani kwa watu namna hiyo.

Kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu ya ustadi wa uta kilitolewa mwaka 1545 na Roger Ascham, mwalimu wa Cambridge ambaye baadaye alimfundisha Elizabeth kabla hajawa malkia. Kitabu chaitwa *Toxophilus*. Ascham hakuona haya, yeye mtu wa Kigiriki na Kilatini, kuandika kurasa nyingi juu ya bata bukini. Aeleza kwamba unyoya wa bata mzee ni mgumu, wafaa siku ya upepo. Na unyoya wa bata mdogo ni laini, wafaa mshale mwepesi. Alijua pia kwamba mpiga uta mwema sharti ajue kazi ya fundi wake, hata kama haifanyi mwenyewe, ili asidanganywe. Walimu watapenda kujua kwamba mfalme alimpa kwa ajili ya kitabu hicho riziki ya pauni 10 kwa mwaka.

Mwaka ule ule wa 1545, tarehe 19 Julai, merikebu ya kifalme iliyoitwa Mary Rose ilizama mbele ya Portsmouth pamoja na shehena yake ya mata na mishale. Ilipoinuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, watu walikuwa wamekwisha kutoa humo mishale kwa maelfu. Manyoya yameoza yote, lakini penye mkia wa mawano imebaki rangi ya kijani kibichi, maana gundi ilichanganywa na kutu ya shaba, na juu ya gundi hiyo zaonekana alama za uzi uliozungushwa. Basi kutoka mtu wa barafu mpaka askari wa Henry VIII, ingawa kati yao ni miaka zaidi ya 4,000, njia ni moja: gundi chini, uzi juu, na jicho la fundi likipima nafasi. Kilichobadilika ni hesabu ya mishale.

Yafaa tutue hapa kidogo. Kama fundi wa London alitakiwa kutoa mishale mingi hivyo, mbona hatusikii sifa za kiunzi kilichomrahisishia? Mimi nadhani sababu ni hii: vita havikuhitaji mishale iliyo ndugu. Mishale elfu ikipigwa juu ya jeshi, mmoja ukienda shibiri moja kulia na mwenziwe shibiri moja kushoto, hakuna atakayejua. Mwindaji naye hupiga mshale mmoja, naye aujua mshale wake kama ajuavyo mbwa wake. Ukiwa na kasoro, huisahihisha kwa mkono. Haja ya mishale iliyo sawa kabisa ilitoka mahali pengine, nayo ni mchezo wa shabaha.

Katika karne ya 19 Waingereza wenye nafasi waliufanya uta kuwa mchezo wa uwanjani. Mashindano yao makubwa yalikuwa na mishale 144: mishale 72 kwa yadi 100, 48 kwa yadi 80, na 24 kwa yadi 60. Bingwa wao, Horace Ford, katika Cheltenham mwaka 1857 alipiga mashindano hayo mara mbili, yaani mishale 288, akafikisha shabahani 245 na kupata alama 1,251. Mtu wa namna hii hawezi kuvumilia mishale yenye tabia mbalimbali, maana hajui tena kosa ni lake au ni la mshale. Kwa hiyo mafundi walianza kupima mishale kwa mizani, na katika upande mwingine wa mizani waliweka fedha. Uzito wa mshale ukatajwa kwa shilingi na peni. Mishale ya uzito mmoja, urefu mmoja, ugumu mmoja: ilibaki kuyafanya na manyoya yawe hivyo.

Lakini kabla ya kufika kwenye kiunzi sharti nimtaje mtu mmoja wa California, ambaye habari zake zimegusa na nchi zetu. Mwezi Agosti 1911 alitokea karibu na mji wa Oroville mtu wa kabila la Yahi, wa mwisho wa watu wake. Wenzake walikuwa wameuawa na wazungu walioingia kutafuta dhahabu na mashamba, au wamekufa kwa njaa na maradhi. Hakutaja jina lake kwa wageni, ndivyo ilivyokuwa desturi ya kwao. Waliomchukua wakamwita Ishi, yaani mtu. Alikaa katika nyumba ya makumbusho ya chuo kikuu mjini San Francisco mpaka alipokufa kwa kifua kikuu mwezi Machi 1916. Daktari wake, Saxton Pope, alikaa miguuni pake kama mwanafunzi. Aliona jinsi Ishi alivyofunga manyoya: kwanza ncha za nyuma za manyoya yote matatu kwa ukano uliotafunwa, akaziacha zikauke; kisha aliyavuta manyoya mbele kwa nguvu na kuzifunga ncha za mbele. Tazama tena jinsi ile shida ya mikono miwili ilivyoshindwa: kazi imegawanywa, na ukano uliokauka unashika nyuma wakati vidole vinapofanya kazi mbele.

Pope aliandika yote aliyojifunza, na kitabu chake juu ya kuwinda kwa uta, kilichotoka mwaka 1923, kiliwasha moto Marekani. Mwaka 1925 yeye na Arthur Young, pamoja na Stewart Edward White, walikuja Tanganyika, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania, wakawinda simba kwa uta, bunduki ikiwa karibu. Sijui kama kuna picha iliyo ngeni kuliko hiyo: daktari aliyefundishwa kufunga unyoya na mtu wa mwisho wa kabila lililoangamizwa, amebeba elimu hiyo mpaka nchi ambayo wajuzi wa kazi ile ile walikuwa wamejaa, watoto na wazee.

Wasomaji wa Pope walikuwa watu wa mjini, wengi wao hawakumwona fundi yeyote akifanya kazi. Walikuwa na meza, kisu na kitabu. Hawakukaa karibu na mkubwa wakaharibu miaka saba. Watu hawa ndio hasa waliohitaji kiunzi, nacho kikaenea kati yao katika karne ya 20. Tena mawano yenyewe yalikuwa yakibadilika: Doug Easton wa California alitengeneza mishale ya alumini, na mwaka 1941 Larry Hughes alishinda mashindano ya taifa la Marekani kwa mishale hiyo. Bomba la alumini halina kasoro za mti. Kasoro yoyote iliyobaki ni ya unyoya, na huonekana.

Kiunzi chenyewe, kwa mfano kile kijulikanacho kwa jina la Bitzenburger, ni chombo rahisi kuliko kinavyotazamika. Mshale husimamishwa au kulazwa katika mfuo, na kipengo chake cha kupachikia upote huingia katika kishikizo kinachozunguka. Kishikizo kikigeuzwa husimama mahali patatu tu, kila pamoja digrii 120 kutoka kwa mwenziwe, na husikika kimelia. Unyoya hubanwa katika kibano kirefu cha chuma, uti ukiwa umejitokeza kidogo. Uti hupakwa gundi, kibano huteremshwa juu ya wano, na sumaku hukishika mahali pake. Gundi ikishika, kibano hufunguliwa, kishikizo hugeuzwa, unyoya wa pili huja. Kama fundi ataka manyoya yazunguke wano kidogo kama ukambaa, hutumia kibano kilichopindwa; kiko cha kuume na kiko cha kushoto. Nafasi ya unyoya kutoka kwenye kipengo huwekwa kwa alama juu ya kibano, ili vidole vya mpigaji visiuguse. Basi ule mkono wa tatu, ambao kwanza ulikuwa uzi, kisha ukano, sasa umetoka katika mshale na kukaa juu ya meza. Mshale huenda zake na mkono hubaki, ukingoja mwingine.

Kiunzi cha namna hii chaweza kufanywa kwa mbao. Miaka kadhaa iliyopita niliwatengenezea wavulana wa shule yetu kimoja kwa msaada wa seremala: kipande cha ubao chenye tundu, kibao cha pembe tatu cha kugeuza, na vibano viwili vya mbao ngumu. Mawano yalikuwa ya mkole, na manyoya ya mabata mzinga waliochinjwa Krismasi. Kwa mikono mitupu kila mvulana alikuwa ameharibu mishale mitatu kwa kupata mmoja. Kwa kiunzi, hata mdogo wao alitoa mishale sita kwa siku moja, manyoya yamesimama kama askari. Nilifurahi kupita kiasi. Tulipoipiga, minne katika sita iliyumba kama mlevi, mmoja ukaingia jikoni kwa jirani.

Tulipima nafasi, zilikuwa sawa. Tukapima uzito, haukutofautiana sana. Nikadhani kosa ni la uta. Siku ya pili alipita mzee mmoja wa Kikamba, baba wa mpishi wetu, ambaye ujanani alikuwa na jina kwa uta, nikamwomba atazame. Aliushika mshale kwa ncha za vidole, akauzungusha polepole karibu na jicho, akapitisha ukucha juu ya kila unyoya kwa zamu.

“Mwalimu,” akasema, “chombo chenu ni kizuri. Nani aliwachagulia manyoya?”

Nikamwambia, “Mzee, tuliyatia yote katika gunia moja.”

Hakucheka. Akaketi chini, akaomba gunia liletwe, akalimwaga juu ya mkeka. Akawaita wavulana wakae pande zote mbili, akachukua unyoya mmoja, akauonyesha mpindo wake kwenye mwanga, akaweka upande wa kuume. Akachukua wa pili, akaweka kushoto. Wa tatu akampa mdogo wao, akamngoja. Mtoto alisita, akauweka kushoto, mzee akauhamisha kuume bila kusema neno, akampa mwingine. Kazi ile ilichukua mchana kutwa. Jioni palikuwa na mafungu mawili juu ya mkeka, na tukaomba kwa mpishi vikapu viwili.